Lita 1.7 za oili: kisa cha giaboksi ya DSG ya gia saba

Injini inanguruma kama kawaida, kiyoyozi kinapuliza, usukani mwepesi, breki zinashika. Unakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko unapanda, na gari limesimama palepale. Kwenye dashibodi herufi za gia zinawaka na kuzima, na alama ya spana imetokea. Gari lina miaka miwili tu tangu litoke dukani. Nyuma yako kuna lori.

Hayo ndiyo yaliyowapata madereva wa magari mapya ya Volkswagen na ndugu zake, Audi na Skoda, kwanza nchini China, halafu Japani, Australia na nchi nyingine za joto. Tarehe 20 Machi 2013 Volkswagen ilitangaza kwamba magari 384,181 yaliyouzwa China yarudishwe kwa mawakala yakatengenezwe bure. Tarehe 14 Novemba mwaka huohuo likaja tangazo kubwa zaidi: magari 1,600,000 duniani yarudishwe, safari hii ili kumwagwa oili ya giaboksi na kutiwa nyingine. Oili yenyewe ni lita 1.7 kwa kila gari. Chupa mbili za maji za lita moja haizijazi.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kila mtu anayetaka kununua gari la oto huuliza swali moja: giaboksi yake itadumu? Na majibu anayopewa ni majina ya kampuni. Nunua hii, ile kimbia. Kisa cha DSG, giaboksi ya oto ya Volkswagen yenye klachi mbili, kinaonyesha kwamba jina la kampuni halitoshi kabisa kujibu swali hilo, na ukikifuata hatua kwa hatua unaanza kuona maswali yanayofaa kuulizwa. Sababu ya pili iko karibu nasi zaidi. Mengi ya magari ya aina hii yaliyokwisha kutumika Japani yameshushwa bandarini hapa Mombasa, yako barabarani, na wenye nayo hawajui kwamba yana historia.

Watu husema "oto" kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Oto ya zamani, ile ya Corolla na Prado tulizozizoea, haina klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na gia kuna tokikonveta, chombo cha duara kilichojaa oili. Injini inaizungusha oili, oili inalisukuma gurudumu la upande wa pili, na gari linaondoka. Ya pili ni CVT, ambayo haina gia za meno za kuhesabu. Ina mkanda au mnyororo wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazotanuka na kusinyaa. Ya tatu ni ya klachi mbili, na DSG ni mojawapo.

Ukiipasua DSG ya gia saba utakuta giaboksi mbili za mkono zimefungwa ndani ya ganda moja. Klachi ya kwanza inahudumia gia ya 1, 3, 5 na 7. Ya pili inahudumia 2, 4, 6 na rivasi. Ukiwa unakwenda na gia ya pili, gia ya tatu imekwishaingizwa upande wa pili na inasubiri; klachi moja inaachia huku nyingine ikishika, na wewe husikii chochote. Anayeamua yote hayo ni kompyuta, na anayetenda ni pampu ya umeme, valvu na bastola ndogo za oili. Kompyuta na vyombo hivyo vyote vimeunganishwa kuwa kitu kimoja kilichofungwa ubavuni mwa giaboksi. Mafundi wanakiita mekatroniki. Likumbuke jina hilo, maana kisa chote kinarudi hapo.

DSG ya kwanza kuuzwa na Volkswagen, mwaka 2003 kwenye Golf R32, ilikuwa na gia sita na klachi zake zilikuwa zinaoga kwenye oili. Ilisifiwa sana, na kwa haki. Mwaka 2008 ikaja ndugu yake mdogo mwenye gia saba, kwa jina la kiwandani DQ200, aliyekusudiwa injini ndogo, zisizozidi nguvu ya mzunguko ya nyutonimita 250. Huyu klachi zake ni kavu, kama za gari la mkono. Sababu ya kuzikausha ilikuwa na maana. Oili nyingi ndani ya giaboksi ni mzigo: gia zinaikoroga muda wote, pampu inaisukuma muda wote, na nguvu hiyo inatoka kwenye petroli yako. Kausha klachi, punguza oili hadi lita 1.7, tumia pampu ya umeme inayofanya kazi pale tu inapohitajika, na gari dogo la oto litatumia mafuta sawa na la mkono au pungufu. Siwalaumu wahandisi kwa uamuzi huo. Walikuwa wanatafuta kitu ambacho kila mnunuzi anakitaka.

Lakini klachi kavu ina deni lake, na deni hilo hulipwa kwenye foleni. Gari linapojikongoja kwa mwendo wa mtu anayetembea, klachi haijashika wala haijaachia. Iko katikati, inasuguana. Kwenye tokikonveta msuguano huo unafanyika ndani ya oili, na oili inaubeba ule moto kwenda kupozwa. Kwenye klachi iliyolowa ni hivyohivyo. Kwenye klachi kavu moto hauna pa kwenda ila kwenye chuma chenyewe na hewa iliyokizunguka. Kila dereva wa gari la mkono anajua harufu inayotokea ukilishikilia gari mlimani kwa nusu klachi. Tofauti ni kwamba wa gari la mkono anajua anachofanya. Wa oto amekaa, ameacha gari lijisogeze.

Sasa turudi China. Wenye magari walianza kulalamika, na malalamiko yao yalikuwa ya namna mbili zilizochanganyika. Kuna waliosema gari linatetemeka na kustuka katika mwendo mdogo, hasa gia ya kwanza na ya pili. Hao shida yao ilikuwa klachi na namna kompyuta ilivyoiendesha. Na kuna waliosema gari limekata mwendo ghafla barabarani. Hao shida yao ilikuwa umeme wa mekatroniki. Ni maradhi mawili katika mgonjwa mmoja. Kwa maoni yangu kuchanganyika huko kuliwagharimu wateja muda mrefu, kwa sababu ugonjwa mdogo una dawa nyepesi, na dawa nyepesi ikishatolewa huonekana kana kwamba mgonjwa ametibiwa.

Dawa nyepesi ilikuwa programu. Mwaka 2012 kampuni iliwaita wateja wa China waje wawekewe programu mpya ya kompyuta ya giaboksi. Baadaye mwaka huo ikarefusha udhamini wa giaboksi hiyo nchini humo hadi miaka 10 au kilomita 160,000. Ukisoma haraka utasema wamefanya uungwana, na ni kweli udhamini wa namna hiyo si jambo dogo. Kuna kampuni nyingi zisizofika hapo. Lakini tazama swali gani limejibiwa. Mteja aliyekatikiwa mwendo katikati ya barabara kuu hakuuliza nani atalipia matengenezo. Aliuliza kama gari litakatika tena. Udhamini hulinda mfuko. Haumlindi mtu aliyesimama mbele ya lori.

Kilichogeuza mambo kilikuwa televisheni. Kila tarehe 15 Machi, siku ya haki za watumiaji duniani, televisheni ya taifa ya China, CCTV, hurusha kipindi kikubwa cha kufichua bidhaa na huduma mbovu. Mwaka 2013 DSG ilikuwamo. Siku iliyofuata mamlaka ya serikali ya kusimamia ubora, AQSIQ, ikaitaka kampuni iyaite magari rasmi. Ilikuwa na meno ya kusema hivyo: kanuni mpya ya China ya kurudisha magari yenye kasoro ilikuwa imeanza kutumika tarehe 1 Januari mwaka huo, miezi miwili na nusu kabla. Siku tano tu baada ya kipindi, tangazo la magari 384,181 likatoka. Maelezo ya kampuni yalitaja hitilafu ya umeme kwenye kompyuta ya giaboksi na upungufu wa shinikizo la oili ndani ya mekatroniki, mambo yanayoweza kukata nguvu isifike magurudumuni.

Miaka ya malalamiko, siku tano za uamuzi. Naona uchungu kila nikiisoma ratiba hiyo. Giaboksi haikubadilika kati ya tarehe 15 na 20 Machi. Kilichobadilika ni nani alikuwa anatazama.

Mwezi Mei zikafuata gari takribani 91,000 nchini Japani, na Juni takribani 26,000 nchini Australia. Lakini bado mzizi haukuwa umeng'olewa. Kubadilisha mekatroniki iliyokufa ni sawa na kubadilisha fyuzi iliyoungua bila kuuliza imeungua kwa nini. Jibu lilikuja na lile tangazo la Novemba, na lilikuwa jibu la kemia.

Giaboksi hizo zilitoka kiwandani zikiwa na oili ya sintetiki, yaani iliyoundwa kwa kemia kiwandani. Oili ya gia hutiwa viungio vya kulinda meno ya gia yasilane pale yanapobanana kwa nguvu, na viungio hivyo huwa na salfa. Katika hali ya kawaida salfa hiyo inafanya kazi yake na haimdhuru mtu. Volkswagen yenyewe ilieleza kwamba katika hali ya joto na unyevu, tena gari likiwa linaendeshwa sana kwa kusimama na kuondoka, oili ile ya sintetiki iliweza kusababisha hitilafu katika mfumo wa umeme wa giaboksi. Salfa inakula na kuacha utando mahali ambapo umeme unapita; utando ukifika pabaya, umeme unapiga shoti. Fyuzi inaungua, kama ilivyoundwa kufanya, ili waya zisiungue. Lakini fyuzi ile ndiyo inayoilisha mekatroniki. Mekatroniki ikikosa umeme, pampu inasimama, shinikizo linashuka, na klachi zote mbili zinaachia. Usukani na breki zinabaki. Mwendo hakuna.

Dawa ikawa kumwaga ile sintetiki na kutia oili ya madini, ile ya kawaida inayosafishwa kutoka mafuta ghafi. Zaidi ya magari 640,000 kati ya yale 1,600,000 yalikuwa China.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu hapa pana jambo linalopingana na kila tunachoambiwa gereji. Sote tumefundishwa kwamba sintetiki ni bora na oili ya madini ni ya maskini. Kwa injini mara nyingi ni kweli. Kwenye giaboksi hii, oili iliyo bora kwenye karatasi ndiyo iliyoharibu, na ya bei ya chini ndiyo iliyotibu. Oili haina ubora wake peke yake. Ubora wake ni kufaana na kilichomo ndani, na kilichomo ndani ya giaboksi za siku hizi si vyuma tu. Kuna shaba, kuna plastiki, kuna bodi ya kompyuta. Fundi anayemtilia mteja "oili kali zaidi" kwa nia njema bila kutazama namba iliyoandikwa na kiwanda anaweza kuwa anamfanyia mteja wake hisani iliyomkuta Volkswagen.

Kwa nini kasoro hiyo haikuonekana kabla ya magari kuuzwa? Tazama ilivyohitaji mambo mengi kwa pamoja: joto, unyevu, foleni, na miezi au miaka ya kupita. Ondoa moja na kasoro inalala. Gari lilelile, giaboksi ileile, oili ileile, likiwa Ujerumani kwenye barabara kuu wakati wa baridi, linaweza kutembea miaka bila shida. Peleka pacha wake Guangzhou au Singapuri, mahali ambapo shati linalowa kabla hujafika kazini na safari ya kilomita nane inachukua saa nzima, na saa ya giaboksi inaanza kwenda haraka. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike kuhusu kutegemeka kwa giaboksi za magari mapya. Kutegemeka hakukai ndani ya giaboksi peke yake. Kunatokea pale giaboksi inapokutana na barabara yake, hali yake ya hewa na mguu wa dereva wake. Maneno "giaboksi hii haina shida Ulaya" yanaweza kuwa ya kweli kabisa na yasikufae kitu.

Na ndiyo maana kisa hiki ni chetu. Kenya inaruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane, na mengi yanatoka Japani. Hesabu mwenyewe: Golf au Polo ya mwaka 2010, mwaka 2012, mwaka 2013, zimeshuka hapa kwa miaka mingi baada ya matangazo yale. Baadhi zilikwisha kutengenezwa kule kabla ya kuuzwa mnadani. Nyingine zilipanda meli na oili zilizotoka nayo Ujerumani. Na zimeshuka wapi? Kwenye mji wa joto, wa unyevu, na wa kusimama na kuondoka. Kama mtu angetaka kuchora mahali pa kuijaribia giaboksi hii mpaka ikubali makosa yake, angechora kivuko cha Likoni.

Anayekijua kivuko anaelewa. Unafika juu, magari yamepanga mistari. Yanasogea urefu wa gari moja, yanasimama. Yanasogea, yanasimama. Unateremka mwinamo kuelekea pantoni mguu ukiwa juu ya breki, nusu umekanyaga nusu umeachia, kwa sababu aliye mbele anasogea kidogokidogo. Ng'ambo unatoka kwa kupanda, gari limejaa watu na mizigo, mwendo wa konokono, watembea kwa miguu wamekuzunguka kushoto na kulia. Jua la saa saba liko juu ya boneti. Kwenye giaboksi ya klachi kavu hakuna dakika katika safari hiyo ambayo klachi imepumzika.

Fundi mmoja wa Changamwe aliwahi kunionyesha klachi alizozitoa kwenye gari la klachi mbili kavu. La kampuni gani si hoja hapa. Alizilaza juu ya gunia, akafuta vumbi jeusi kwa kitambaa, akazigeuza upande wa chuma. Chuma kilikuwa na mabaka ya buluu na zambarau, kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi, na kilikuwa na harufu ile ya nywele zilizoungua ingawa kilishapoa siku mbili.

"Tazama, bwana," akasema. "Hii haikuisha. Imeungua."

Nikamuuliza tofauti ni nini, fundi.

"Ikiisha unaona wembamba. Ikiungua unaona rangi." Akapitisha kidole gumba ukingoni. Unene bado ulikuwapo. "Mwenye gari anakaa Mtongwe, kazi yake huku mjini. Kila siku mara mbili kivukoni. Mzee wa watu hajui kama ana klachi. Anajua ana oto."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo shida nzima. Wauzaji wa magari mapya duniani waliwauzia watu klachi wakawaambia wamenunua oto. Mteja akaliendesha kama oto ya tokikonveta aliyoizoea: akalishikilia mlimani kwa mafuta badala ya breki, akaliacha lijikongoje saa nzima kwenye foleni. Gari likalalamika. Na mara nyingi kampuni ilipoulizwa, ilimnyooshea dereva kidole.

Hilo halikuwa la Volkswagen peke yake. Ford nayo iliuza Fiesta, Focus na EcoSport zenye giaboksi ya klachi mbili kavu ya gia sita kwa jina la PowerShift. Nchini Australia ziliuzwa takribani 70,000, na karibu nusu yake zilirudi kutengenezwa giaboksi angalau mara moja. Wateja waliolalamika kwamba gari linatetemeka waliambiwa ni uendeshaji wao. Mwaka 2018 mahakama ya shirikisho ya nchi hiyo iliiamuru Ford ilipe dola milioni 10 za Australia kwa namna ilivyowatendea wateja hao kati ya Mei 2015 na Februari 2016. Na Honda, jina ambalo mtu yeyote hapa angeliweka upande wa salama, ilitoa Fit Hybrid mpya Septemba 2013 ikiwa na giaboksi ya klachi mbili ya gia saba, na katika mwaka mmoja gari hilo likaitwa mara tano kurudi. Oktoba 2014 wakuu wa Honda walijikata mishahara kwa aibu hiyo, rais wake asilimia 20 kwa miezi mitatu. Mabosi wa Honda walijikata mshahara kabla hakimu hajawaambia. Wa Ford Australia walifikishwa mahakamani. Hiyo ni tofauti ninayoikumbuka kila ninapofikiria nani wa kumwamini, kuliko orodha yoyote ya giaboksi nzuri na mbaya.

Asije mtu akasema basi CVT ndiyo kimbilio. Nissan mwaka 2009 ililazimika kurefusha udhamini wa CVT zake nchini Marekani hadi miaka 10 au maili 120,000 kwa magari ya miaka ya 2003 hadi 2010. Kila aina ina mahali inapouma.

Neno moja la kiwanda linanikera kuliko yote: "oili ya maisha yote". Giaboksi ya DQ200 ilitolewa ikiwa na maelezo kwamba oili yake haihitaji kubadilishwa. Maisha ya nani? Kwa mnunuzi wa kwanza aliyeko Tokyo, anayeliuza gari baada ya miaka mitano au saba, maneno hayo yanakaribia ukweli. Kwetu gari linaanza maisha ya pili siku linapotoka bandarini, na maisha hayo ya pili mara nyingi ni marefu kuliko ya kwanza na magumu zaidi. Ushauri wangu kwa yeyote mwenye giaboksi yoyote ya oto, iwe imeandikwa ya maisha au la, ni kuimwaga oili na kutia iliyoelekezwa na kiwanda. Kwenye DQ200 ujue kuna oili mbili zisizochanganyika: ya gia, hizo lita 1.7, na ya mekatroniki, karibu lita moja, yenye njia yake yenyewe. Fundi asiyejua hilo asiiguse.

Ukitaka kununua moja ya magari haya, chasisi namba ndiyo mlango. Kwa namba hiyo wakala anaweza kukuambia kama gari liliwahi kuitwa na kama lilitengenezwa. Usiridhike na matangazo ya mwaka 2013 peke yake. Mwaka 2019 Australia iliyaita tena magari ya DQ200, safari hiyo kwa sababu ya chombo kinachohifadhi shinikizo ndani ya mekatroniki, ambacho kiliweza kupasuka na kumwaga shinikizo lote. Matokeo kwa dereva ni yaleyale: injini inanguruma, gari haliendi. Ni giaboksi moja yenye njia mbili tofauti za kufikia msiba mmoja, na kuiziba moja hakuifungi ya pili.

Na lijaribu gari likiwa moto. Muuzaji atakupa ufunguo asubuhi, injini baridi, barabara tupu, na litateleza kama siagi. Mwambie unarudi saa kumi jioni. Liingize kwenye foleni nusu saa, ulisikilize likipanda kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili na likishuka. Kisha tafuta mlima, ulirudishe rivasi polepole ukipanda. Klachi iliyoungua haiwezi kujificha hapo. Utaisikia kwenye kiti, mtetemo kama wa gari linalopita juu ya matuta madogo ya mchanga.

Kuhusu uendeshaji kuna kitu kimoja tu, na hakigharimu shilingi. Kwenye DSG ukikanyaga breki sawasawa, klachi inaachia kabisa na kupumzika. Ukiilegeza breki kidogo tu, klachi inaanza kutafuta kushika. Ile nusu breki ya kivukoni, mguu uko na hauko, ndiyo inayochora mabaka ya buluu. Acha nafasi ya gari moja na nusu mbele yako, kisha songa kwa mara moja na usimame kwa breki kamili. Watakupigia honi. Waache.

Yule mzee wa Mtongwe alifungiwa klachi mpya. Kazi haikuishia kufunga, kwa sababu kompyuta lazima ifundishwe klachi mpya zinashika wapi na zinaachia wapi, na nusu ya somo hilo hufanyika gari likitembea kwa mwendo usiokatizwa. Fundi alimwambia waonane alfajiri. Wakatoka naye saa kumi na moja na nusu kwa njia ya Dongo Kundu, barabara ikiwa tupu, kompyuta ndogo iko mapajani mwa kijana wa gereji kiti cha nyuma, mzee mwenyewe ameshika usukani. Kijana alikuwa anasoma namba kwa sauti kila gia inapoingia. Walipofika mzunguko wa upande wa kusini, fundi akamwomba mzee asimame.

"Kanyaga breki mpaka chini, mzee wangu. Hivyo. Sasa achia yote. Umeisikia klachi?"

Mzee akarudia mara tatu, akiinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango wa chumba cha jirani, mpaka akaisikia.